Bibi Masjala Anajibu: Takwimu Zimewekwa Hadharani, Sasa Tuzifanyeje?

Nimefanya kazi masjala miaka 27. Masjala, kwa vijana wasiolijua neno, ni chumba cha majalada ofisini: barua ikiingia hupigwa muhuri, hupewa namba, hufungwa kwenye jalada lake, na asiyeijua namba hapati kitu. Nilistaafu nikidhani mimi na karatasi tumeachana kwa amani. Mhariri akanipa safu hii.

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: takwimu huria, yaani takwimu za serikali zinazowekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzichukua, kuzitumia na kuzisambaza bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nimechagua barua tano na kuzifupisha. Matusi nimeyaacha nje, ingawa moja lilitungwa kwa ustadi na lilinichekesha.

*

Shikamoo Bibi Masjala. Halmashauri yetu imeweka bajeti kwenye tovuti. Nilifurahi, nikaipakua. Kurasa 312, zote ni picha za karatasi zilizopigwa skani, nyingine zimelala ubavu. Nilifika ukurasa wa 19 nikakata tamaa. Mtu ambaye si mhasibu anaanzia wapi?
*Mwenye Macho Mekundu*

Marahaba. Kwanza lifunge hilo faili, ukanywe maji.

Kosa lako ni kuisoma bajeti kuanzia ukurasa wa 1. Hata sisi tuliokuwa tukiifunga kwa uzi hatukuwahi kuisoma hivyo. Toka nje kwanza. Tafuta kitu kimoja unachokifahamu kwa macho yako: darasa lililojengwa likaishia kwenye lenta, kituo cha afya kinachodaiwa kuwa na mkunga wa usiku, daraja ambalo fundi wake hajaonekana tangu masika. Kimoja tu. Ndipo urudi kwenye kurasa zako 312 ukitafuta mstari unaokihusu. Sasa husomi tena, unawinda.

Ukiupata huo mstari, usiushangilie. Fedha ya umma ina safari, na kila kituo kina karatasi yake. Kuna fedha iliyotengwa, ambayo ni ahadi. Kuna iliyotolewa, yaani iliyofika kweli kwenye akaunti. Kuna iliyotumika, ambayo utaikuta kwenye taarifa za utekelezaji na za wakaguzi. Watu wengi hushika tarakimu ya kwanza, wakakimbia nayo kwenye mkutano, wakaulizwa swali moja na mweka hazina, wakakaa chini. Ofisa aliyetengewa 100 akaletewa 30 hakuiba 70. Hakuletewa. Swali lako kwake ni lingine, na aliyezishikilia hizo 70 ni mwingine. Kituo cha mwisho cha safari ni kitu chenyewe, na hicho wewe unakiona kila siku bila intaneti.

Nikupe mfano ambao mimi huwa siuchoki. Uganda, katikati ya miaka ya 1990, watafiti walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikituma kwa shule za msingi kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Walilinganisha kilichotumwa kutoka makao makuu na kilichoandikwa kwenye vitabu vya shule zenyewe. Kwa miaka ya 1991 hadi 1995, shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu. Zilizobaki zilipotelea njiani, nyingi kwenye ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila mwezi, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kile zilichopokea. Uchunguzi wa mwaka 2001 ulikuta zaidi ya asilimia 80 inafika.

Wataalamu wamebishana sana kuhusu hadithi hiyo. Wapo wanaosema magazeti yamepewa sifa kupita kiasi, kwa sababu kipindi hichohicho mambo mengine mengi yalibadilika katika elimu na katika namna fedha zinavyotumwa. Nakubali. Lakini ninachokipenda mimi hapo ni ile karatasi ya ukutani. Ilikuwa na tarakimu chache, za shule moja, mahali ambapo mzazi wa shule hiyo anapita. Mwalimu mkuu alijua wazazi wanajua. Ofisa wa wilaya alijua mwalimu mkuu anajua. Kurasa zako 312 zina taarifa nyingi kuliko ile karatasi, na hazimtishi mtu.

Kuhusu picha za skani, andika barua. Usilalamike kwamba wanaficha. Omba tu faili la jedwali ambalo kompyuta inaweza kulijumlisha, kwa sababu hakuna halmashauri inayoandaa bajeti kwa picha. Jedwali lipo kwenye kompyuta ya mtu fulani. Lilichapwa, likasainiwa, ndipo likapigwa skani. Taja jina la waraka, mwaka wa fedha na fungu unalolitaka. Barua isemayo "naomba takwimu zote" hufungiwa kwenye jalada na kufia humo. Nasema hivyo kwa sababu nimezifungia nyingi.

*

Bibi, mimi na wenzangu wawili ni waandishi wa programu. Tulikesha miezi minne tukajenga tovuti nzuri kabisa yenye ramani ya vituo vyote vya afya, bajeti zake na idadi ya wahudumu. Kila kitu kinatoka kwenye takwimu za serikali. Tangu tuizindue imetembelewa na watu 61, na nadhani 20 kati yao ni sisi na mama zetu. Wananchi hawajali?
*Watatu Waliochoka*

Nani aliwaomba?

Siulizi kwa kejeli. Nauliza kwa sababu barua yenu nzima, ambayo hapa nimeikata, ina aya nane kuhusu ramani na haina hata sentensi moja inayomtaja mtu mwenye shida aliyekuja kwenu na swali. Mlianza na takwimu zilizokuwepo, mkazivalisha nguo, mkasubiri wageni. Mgonjwa wa zahanati hahitaji ramani ya zahanati yake. Anajua ilipo. Anachotaka kujua ni kwa nini dawa zimeisha tarehe 10, na zilikuwa ziletwe ngapi.

Rajasthan, India, mwaka 1994, wakulima na vibarua waliojipanga katika chama kiitwacho MKSS walianza kufanya kitu wanachokiita jan sunwai, yaani baraza la wazi la kusikiliza. Hawakuwa na tovuti. Walipata nakala za kumbukumbu za kazi za umma, zikiwemo orodha za vibarua waliolipwa, wakazisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Jina likisomwa, mwenye jina anasimama: "Mimi hiyo siku sikuwepo kazini." Jina lingine likisomwa, watu wanasema huyo ni marehemu. Linasomwa jengo lililolipiwa, watu wanaangaliana, kwa sababu jengo halipo. Kaulimbiu yao, kwa tafsiri yangu, ilikuwa "Fedha zetu, hesabu zetu." Madai yao ya kupewa nakala za hesabu ndiyo yaliyochochea sheria ya jimbo mwaka 2000, na hatimaye sheria ya India nzima ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005.

Angalieni kilichofanya kazi pale. Wasomaji wa orodha walikuwa wachache, lakini wahakiki walikuwa kijiji kizima, pamoja na wasiojua kusoma, kwa kuwa kila mtu ni mtaalamu wa jina lake mwenyewe. Nyinyi mmetengeneza chombo kinachomfanya mwananchi awe mtazamaji. Kigeuzeni. Chukueni vituo vitatu tu kati ya vyote mlivyonavyo. Chapeni karatasi moja kwa kila kituo: wahudumu wanaotakiwa kuwepo kwa mujibu wa serikali, na dawa zinazosemekana zilipelekwa. Nendeni mkaisome mbele ya wanaotibiwa pale. Watawasahihisha, na masahihisho yao ndiyo takwimu ambazo serikali haina.

Halafu jambo ambalo vijana wa kompyuta hulisahau: lalamiko likishapatikana liende kwa nani? Ukraine walipoanzisha mfumo wao wa zabuni za umma, Prozorro, ambao ulikuwa wa lazima kwa ununuzi wa umma kuanzia mwaka 2016, kanuni yao ilikuwa kwamba kila mtu anaona kila kitu. Lakini kuona hakukutosha. Pembeni yake kukajengwa Dozorro, mahali ambapo raia na wafanyabiashara wanaeleza kasoro za zabuni fulani, na asasi za kiraia zinazichukua kasoro hizo na kuwabana wanunuzi na vyombo vya usimamizi. Tovuti yenu ina kitufe cha "shiriki na marafiki". Rafiki hawezi kuleta dawa.

Msiibomoe. Ramani ni nzuri, nimeiangalia. Jumlisheni mimi, sasa ni 62.

*

Bibi, tofauti ya takwimu huria na haki ya kupata habari ni nini? Nina mtihani.
*Mwanafunzi*

Haki ya kupata habari ni wewe kuuliza na ofisi kulazimika kujibu. Ni ya zamani: Sweden iliiweka kwenye sheria mwaka 1766. Takwimu huria ni ofisi kuweka mezani kabla hujauliza, tena katika hali ambayo kompyuta inaisoma na sheria inakuruhusu kuitumia upya. Hiyo ni changa. Desemba 2007 watetezi wapatao 30 walikutana Sebastopol, California, wakaandika kanuni nane: takwimu ziwe kamili, ziwe za asili kabla hazijafupishwa, zitoke kwa wakati, zifikike, zisomeke na mashine, zisibague mtu, zisifungwe kwenye muundo wa kampuni moja, na zisiwe na masharti ya leseni. Marekani ikafungua data.gov Mei 2009, Uingereza ikafuata na yake Januari 2010. Septemba 2011 nchi nane zikaanzisha Ubia wa Serikali Wazi: Afrika Kusini, Brazil, Indonesia, Marekani, Mexico, Norwei, Ufilipino na Uingereza.

Kwa mtihani inatosha. Kwa maisha, kumbuka kwamba ya pili haiifuti ya kwanza. Ofisi huweka mezani kile inachopenda kionekane, na kwa kile kingine itakubidi uulize.

*

Bibi Masjala, naomba jina langu lisitajwe. Ni ofisa takwimu serikalini. Nimependekeza tuweke takwimu zetu wazi. Mkuu wangu anasema watu watazitafsiri vibaya, kwamba zina makosa, na kwamba tutavunja siri za watu. Namjibuje bila kupoteza kazi?
*Ofisa wa Meza ya Nyuma*

Mkuu wako ametoa sababu tatu. Moja ni ya kweli kabisa, moja ni nusu, na moja ni woga uliovaa tai.

Ya kweli ni siri za watu. Hapo msimame naye. Kufuta majina hakutoshi. Miaka ya 1990 serikali ya jimbo la Massachusetts ilitoa kumbukumbu za matibabu ya watumishi wake zikiwa zimeondolewa majina. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta, Latanya Sweeney, akazilinganisha na daftari la wapiga kura kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta, akaitambua kumbukumbu ya gavana mwenyewe, William Weld. Kwa hiyo takwimu za wagonjwa zitolewe kwa jumla, na pale ambapo idadi ni ya watu wawili au watatu, isitolewe kabisa. Lakini mwambie mkuu kwa upole kwamba zabuni haiugui. Mkataba wa kujenga barabara hauna faragha ya namna hiyo. Slovakia, tangu Januari 2011, mkataba wa serikali kwa kawaida hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe kwenye intaneti. Usipochapishwa ndani ya miezi mitatu, unahesabiwa haukuwahi kuwepo. Mkandarasi mwenyewe ndiye anayehimiza utolewe. Utaratibu huo unanifurahisha kila nikiufikiria.

Ya nusu ni kutafsiriwa vibaya. Watu watakosea, ndiyo. Dawa yake ni karatasi moja ya maelezo: kila safu ina maana gani, zilikusanywa lini, na nani, na kwa njia gani, na nini hakimo. Ofisi nyingi hutupa jedwali lenye safu iitwayo "HLT_02" halafu zinalalamika kwamba wananchi hawaelewi.

Ya makosa sasa. Hapa ngoja niungame, maana nimekaa nalo muda mrefu.

Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kukusanya orodha ya pampu za maji za eneo letu, nionyeshe ipi inafanya kazi na ipi imeharibika. Maofisa wa nje hawakuleta taarifa zao. Tarehe ya kuwasilisha ikafika. Nikachukua orodha ya mwaka uliotangulia, nikabadilisha mwaka pale juu, nikapiga muhuri, nikaibandika ubaoni, kwa sababu waraka mpya ulikuwa unatutaka tubandike. Tuliamini hakuna atakayesoma. Siku ya tatu akaja mzee mmoja, amevua kofia, ameandika namba kwenye kiganja. Akaniambia, "Mwanangu, pampu namba 14 mmeandika inafanya kazi. Ilipokufa, mjukuu wangu alikuwa anatambaa. Sasa anakwenda shule."

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi, nikamwomba pia akae. Kwa nusu saa akanipitisha kwenye pampu zote za upande wao: hii inatoa maji asubuhi tu, hii mpini umevunjika, hii haikuwahi kuchimbwa. Nilijaza ukurasa mzima. Hiyo ndiyo taarifa ya uhakika kuliko zote nilizowahi kupokea kwa mwaka ule, na haikutugharimu hata safari moja ya gari.

Niliyejifunza hapo ni mimi karani, tena kwa aibu. Orodha yangu ilikuwa mbovu kabla ya kubandikwa, na ingebaki mbovu miaka mingi ndani ya kabati. Ubao ndio ulioitibu. Kwa hiyo usimwambie mkuu kwamba takwimu zenu hazina makosa. Mwambie mtangulize makosa wenyewe: "Toleo la kwanza. Vituo hivi 6 havijaleta taarifa. Ukiona kosa, andika hapa, tutajibu ndani ya siku 14." Kisha mjibu kweli.

Na kuhusu kazi yako: anza na kitu kisicho na adui. Ratiba, orodha za vituo, saa za huduma. Mkuu akiona amesifiwa mara mbili, ya tatu ataileta mwenyewe.

*

Bibi, mwezi uliopita ulituhimiza twende mikutano ya bajeti. Tulikwenda watu 40 na takwimu zetu mkononi. Tukasikilizwa, tukashukuriwa, tukapigwa picha. Bajeti ikapita vilevile, hata koma haikuhama. Na jambo la pili: katika safu hiyohiyo uliandika kwa mfano kwamba pampu zinazofanya kazi zikitoka asilimia 40 kufika 50, hilo ni ongezeko la asilimia 10. Umekosea.
*Mwalimu wa Hesabu*

Mwalimu, nimesoma barua yako nimesimama.

La kwanza. Mlialikwa siku ambayo bajeti ilikwisha kupikwa. Hilo hutokea karibu kila mahali, na picha zile ndizo zilizokuwa lengo la mkutano. Porto Alegre, Brazil, walipoanza bajeti shirikishi mwaka 1989, kilichowatoa watu majumbani ni kwamba mikutano ilianza miezi mingi kabla, na sehemu ya fedha za uwekezaji ilikwenda kule wakazi walikopiga kura iende, mabomba ya maji taka yakiwemo. Walichagua wawakilishi wao, na wawakilishi hao waliendelea kufuatilia kazi baada ya kura. Benki ya Dunia ikausifu mpango huo, miji mingi duniani ikauiga. Mingi kati yao iliiga mikutano ikaziacha fedha.

Mwakani msiende 40 siku ya mwisho. Nendeni wanne, mapema, wakati idara zinaandika maombi yao. Ulizeni tarehe hiyo ni lini, kwa barua. Na mkitoa maoni, yatoeni kwa maandishi, mkidai majibu kwa maandishi: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, kwa sababu gani. Ofisa anaweza kuwashukuru kwa mdomo mara 100. Kuandika sababu ya kukataa na kutia sahihi ni kazi nyingine, na hiyo karatasi ndiyo mtakayoingia nayo kwenye mkutano unaofuata. Mkishaipata niandikieni. Nataka kuiona.

La pili, ni kweli nimekosea. Kutoka asilimia 40 kwenda 50 ni ongezeko la pointi 10 za asilimia. Ukilipima ongezeko lenyewe, 10 kwa 40 ni robo, yaani asilimia 25. Nimewaomba wahariri wairekebishe safu ile pale ilipo, waweke tarehe ya masahihisho, na wasiifute sentensi ya zamani. Waipige mstari tu katikati, ili kila mtu aone nilichokuwa nimeandika.